Jicho Lenye Pazia

Wazee wetu wa pwani husema macho hayana pazia. Maana yake ni kwamba mtu halaumiwi kwa kuona kilichopita mbele yake, kwa kuwa jicho halina bawabu wa kuuliza nani aingie na nani abaki nje. Msemo huu haukutungwa kwa ajili ya kamera. Kamera nayo ni jicho, lakini ni jicho lenye pazia, na pazia hilo lina tabia zake. Hufunguka kwa namna fulani, hupita kwa mwendo fulani, kisha hufunga. Kitu kilichotulia mbele yake hukipokea kama kilivyo. Kiendacho mbio hukipinda, hukirefusha, hukikata, na pengine hukifuta kabisa.

Watu wengi huamini kwamba picha ni kufumba na kufumbua: tukio limekatwa mara moja kama kwa wembe, likawekwa kwenye karatasi. Sivyo. Kila picha ina muda ndani yake, hata kama ni sehemu ndogo sana ya sekunde, na ndani ya muda huo dunia haisimami kungoja. Historia ya pazia la kamera ni historia ya jinsi wanadamu walivyojaribu kuufupisha muda huo, na ya yale yaliyowaponyoka kila walipodhani wameushinda.

Kwangu mimi jambo hili lina uzito kwa sababu ya Songo Mnara. Kisiwa hiki kiko kusini ya Kilwa Kisiwani, katika Mkoa wa Lindi. Mji wake wa mawe ya matumbawe na chokaa ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14, na watu waliishi humo mpaka mwanzoni mwa karne ya 16. Bado zimesimama kuta za nyumba zaidi ya 40, misikiti, makaburi, na jengo kubwa ambalo watu huliita kasri. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu haya, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Mpiga picha hana mahali pazuri kuliko hapa. Kuta hazipepesi macho, hazipigi chafya, wala hazina shamba la kuwahi. Lakini mji ni watu, na watu huenda. Basi yafaa tujiulize ni kwa kiasi gani tunachokiona katika picha za pwani yetu ni pwani yenyewe, na ni kwa kiasi gani ni kile tu kilichokubali kutulia.

Hapo mwanzo kamera haikuwa na pazia la mashine. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alielekeza kamera yake kutoka dirisha la juu kwenye barabara ya Boulevard du Temple, mjini Paris. Ilikuwa barabara yenye shughuli nyingi, watu wakipita na farasi wakikokota magari. Lakini bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kunywa mwanga wa kutosha. Picha ilipotoka, barabara ilikuwa tupu. Farasi hawapo, magari hayapo, umati haupo. Alibaki mtu mmoja tu pembezoni, kwa sababu alikuwa amesimama akisafishiwa viatu. Wahenga wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kamera ile iliongeza sheria yake, kwamba asiyetulia hakuwepo.

Ufundi huo ulifika kwetu ungali mchanga. James Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860, kabla ya kuelekea bara pamoja na John Speke. John Kirk, tabibu aliyekuja na Livingstone katika msafara wa Zambezi ulioanza mwaka 1858, naye alitumia kamera, na baadaye aliishi Unguja miaka mingi akiwa mwakilishi wa Uingereza. Wapiga picha wa zama zile walivua kifuniko cha lenzi kwa mkono, wakahesabu sekunde, kisha wakakirudisha. Mlango wa nakshi ulitoka na kila ua lake. Mchukuzi aliyepita mbele ya mlango huo alitoka kama moshi, au hakutoka kabisa. Ndiyo maana katika picha nyingi za kale za miji ya aina hii utaona baraza, kuta nyeupe na vichochoro vilivyo kimya mno. Asiyejua hudhani wakazi walikuwa wamehama.

Kuelekea mwaka 1880 mambo yalibadilika. Yalienea mabamba makavu ya jelatini, yaliyokuwa mepesi wa kunasa mwanga kuliko yale ya kwanza. Sasa sehemu ndogo ya sekunde ilitosha. Mkono wa binadamu haukuweza tena kuvua na kurudisha kifuniko kwa kasi hiyo, na hapo ndipo mafundi walipotengeneza pazia la mashine, lile ambalo wapiga picha wa mijini huliita shata.

Yakatokea mapazia ya namna mbili. La kwanza lilikaa karibu na lenzi, likiwa na majani membamba ya chuma yanayofunguka kutoka katikati kama ua na kufunga tena. Hili huufikisha mwanga kwenye bamba zima kwa pamoja. Kitu kikienda mbio kuliko uwezo wake, hutoka na ukungu, lakini umbo lake halipindi. La pili lilikaa nyuma, mbele tu ya bamba. Lilikuwa kitambaa cheusi chenye ufa, na ufa huo ulipita juu ya bamba kutoka upande mmoja hadi wa pili. Katika Ujerumani, Ottomar Anschütz, aliyekuwa amejipatia jina mwaka 1884 kwa picha za korongo warukao, alipata hataza ya pazia la aina hii mwaka 1888. Liliweza kuruhusu mwanga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Farasi akiruka kizingiti alitoka wazi, hata ukwato wake ulihesabika.

Lakini hapo ndipo penye siri. Kila mahali pa bamba palipata mwanga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, naam, lakini si kwa wakati mmoja. Ufa ulianza upande mmoja ukaishia mwingine, na safari hiyo ilichukua muda mrefu zaidi. Mfikirie mchoraji aliyeketi ufukweni akichora jahazi linalopita, naye ana mazoea ya kuanza na kiwiliwili cha chombo, kisha mlingoti, kisha foromali na ncha ya tanga. Kila mstari anauchora mahali hasa anapouona. Lakini anapofika kwenye ncha ya tanga, jahazi limekwisha kusogea. Mchoro wake hautakuwa na ukungu, kila mstari utakuwa mkali. Lakini jahazi litakuwa limelala mbele, kama linalosukumwa na upepo ambao haukuvuma. Mchoraji hakusema uongo katika mstari hata mmoja, lakini alichokichora hakikuwahi kuwepo kwa ujumla wake.

Mfano maarufu wa mpindo huu ulitoka kwa kijana wa Kifaransa, Jacques Henri Lartigue. Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 18, alikwenda kutazama mashindano makubwa ya magari karibu na Dieppe. Gari lenye namba 6 lilipopita, aligeuza kamera yake kulifuata, akabonyeza. Ndani ya kamera picha hukaa kichwa chini miguu juu. Basi pazia lililoshuka lilianza na barabara, likamalizia na vichwa vya watu. Lilipokuwa kwenye sehemu ya juu ya gurudumu, gari lilikuwa limeshatangulia. Gurudumu likatoka kama yai lililolala mbele. Na kwa kuwa kijana alikuwa akiigeuza kamera, watazamaji na nguzo waliosimama wima kando ya barabara walitoka wamelala upande wa nyuma, kana kwamba gari limewapiga kimbunga. Picha hiyo ilikaa miaka mingi bila kujulikana sana. Siku hizi hutajwa kama mojawapo ya picha zinazoonyesha mwendo kuliko zote, na wachoraji wa vibonzo nao wana desturi ya kulaza magurudumu mbele wanapotaka gari lionekane linakimbia. Hakuna jicho la mtu lililowahi kuona gurudumu kama lile. Hata hivyo sote tukiliona tunasema, naam, gari hili lina kasi.

Pwani yetu ya kusini ilikuwa imekwisha kukutana na pazia la namna nyingine miaka sita kabla ya hapo. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Lindi, akaendelea bara hadi Masasi na Newala. Alikuwa na kamera ya picha, mashine ya kurekodi sauti kwenye nta, na kamera ya sinema ya kuzungusha kwa mkono. Wakati huo Vita vya Majimaji, vilivyoanza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi nyuma ya Kilwa, vilikuwa bado havijazimika kabisa. Weule alipiga filamu za ngoma.

Kamera ya sinema ina pazia la kisahani chenye pengo, linalozunguka. Pengo likifika mbele ya filamu, picha moja hunaswa. Likipita, filamu husogezwa gizani ili picha ya pili ipate nafasi. Katika zama zile ilikuwa kawaida kupiga picha kama 16 kwa sekunde, kutegemea mkono wa mzungushaji, jua na uchovu wake. Baadaye, sinema zilipopata sauti, mashine za kuonyeshea ziliwekwa katika picha 24 kwa sekunde. Filamu ya kale ikionyeshwa katika mashine hiyo bila kurekebishwa, ngoma ya dakika tatu humalizika kwa dakika mbili. Wachezaji hurukaruka kama panzi, mikono hutetemeka, na madaha yote huondoka.

Jambo hili si dogo. Ngoma nyingi za kwetu zina utulivu wake: mabega yanayozunguka taratibu, unyayo unaobembeleza ardhi kabla haujaikanyaga. Vizazi vya watazamaji wa Ulaya walioonyeshwa filamu za Afrika za zama hizo kwa kasi isiyo yake waliona watu wenye pupa, na wengi wao walidhani pupa hiyo ni tabia ya watu wale, wakati ilikuwa ya mashine. Kosa la mchezaji lilikuwa wapi?

Mjini nako pazia lilikuwa na sheria zake. Katika studio, kama ile Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, mpigwa picha aliketishwa, akanyooshwa shingo, akaambiwa atulie. Sura zetu za heshima katika albamu za familia, baba na kanzu yake, mama na khanga mpya, ni sura za watu walioambiwa wasipumue. Wakati huohuo kamera ndogo za filamu, za mfano wa Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925, zilikuwa zimeutoa ufundi mitaani. Pazia lake la kitambaa lilipita ubavu kwa ubavu. Kitu ambacho taswira yake ilikwenda upande mmoja na ufa kilirefuka. Kilichokwenda kinyume nao kilifupika. Ilipoanza Safari Rally mwaka 1953, magari yakikata vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika, mpiga picha aliyesimama kando ya njia na kamera ya aina hiyo aliweza kulipata gari lilelile refu kidogo likitoka kulia, na fupi kidogo likitoka kushoto. Tofauti ilikuwa ndogo, na msomaji wa gazeti hakuwa na habari.

Nimesema kwamba mambo haya yanatuhusu sisi. Mzee mmoja wa Songo Mnara, ambaye alikuwa mvulana wakati wataalamu wa mambo ya kale walipokuja kupima magofu, alinionyesha nakala ya picha aliyoletewa na mgeni. Ni chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, chenye mwanga hafifu. Shubaka za ukutani zinaonekana wazi, na chokaa, na nyufa zake. Mlangoni kuna kitu kama moshi wa kuni mbichi. Katika chumba chenye giza namna ile mpiga picha huiweka kamera kwenye miguu mitatu na kuliacha pazia wazi sekunde nzima au zaidi. Na ndani ya sekunde hiyo mtoto alipita.

"Mwanangu," aliniambia, "moshi huo ndio mimi. Nilikuwa napeleka maji."

Nikamuuliza alijuaje. Akacheka. "Nani mwingine? Siku ile mtoto wa kupeleka maji nilikuwa mimi peke yangu. Ukuta wameutoa mpaka ufa wake. Mimi nilikuwa natembea, mzee."

Aliniita mzee kwa utani, nami nilimwamkia shikamoo kwa mara ya pili, maana sikuwa na neno lingine. Hakuna aliyemdhulumu mtu huyo. Mpiga picha alitaka ukuta, akaupata. Lakini katika picha hiyo mwenyeji ndiye aliyekuwa mgeni, na jiwe ndilo lililokuwa mwenyeji.

Siku hizi karibu kila mtu ana kamera mfukoni, nayo ni ndani ya simu. Mtu angedhani mambo ya ufa na kitambaa yamezikwa. La hasha, yamerudi kwa nguvu. Simu nyingi hazina pazia la kushikika. Nyuma ya lenzi kuna kigae kidogo chenye mamilioni ya nukta zinazohisi mwanga, na nukta hizo husomwa mstari baada ya mstari, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu asomavyo ukurasa. Kusoma ukurasa mzima huweza kuchukua kama sehemu moja ya 30 ya sekunde. Huo ni ufa wa Anschütz uleule, isipokuwa umetengenezwa kwa umeme.

Nenda uwanja wa ndege wa Kilwa Masoko inapotua ndege ndogo, uone. Pangaboi la ndege ya abiria wachache huzunguka kama mara 1,900 kwa dakika, yaani karibu mara 32 kwa sekunde. Katika muda ambao simu inasoma mistari yake yote, pangaboi limekwisha kuzunguka mzunguko mzima. Mstari wa kwanza unalikuta panga likiwa juu, mistari ya katikati inalikuta limeshashuka, ya mwisho inamkuta mwenzake. Katika picha mapanga hutoka yamepinda kama ndizi, huzidi idadi yake, na mengine huelea hewani bila kushikana na pua ya ndege. Niliwahi kuwasikia vijana wawili wakigombana kwa video ya namna hiyo. Mmoja aliipiga kwa simu yake. Mwenzake akasema ameichezea kwenye kompyuta, maana hakuna ndege yenye mapanga kama yale ikaruka. Aliyeipiga aliapa kwa jina la mama yake. Wote wawili walikuwa na haki. Ndege ile haikuwa hivyo, na picha ile haikuchezewa.

Ugomvi kama huo utazidi. Tumeingia zama ambazo kompyuta huweza kuunda picha ya jambo ambalo halikutokea kabisa. Watu wamekuwa wepesi kusema "hiyo ni ya kutengenezwa" juu ya kila picha isiyowapendeza, na wepesi vilevile kuamini ile inayowapendeza. Ajali ya barabarani ikinaswa kwa simu, au purukushani ya sokoni, mpindo mdogo wa gurudumu au wa mkono unaweza kumfanya mtu aikatae picha ya kweli, au aone kasi ambayo haikuwepo. Asiyejua pazia linavyofanya kazi hana njia ya kutenganisha picha iliyopindwa na mwendo na picha iliyopindwa na mtu.

Je, basi tuache kuziamini picha? Mimi nasema hapana, na shahidi wangu ni Alphonce Simbu. Septemba 2025, katika mashindano ya riadha ya dunia mjini Tokyo, Mtanzania huyu na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani wakifukuzana baada ya kilomita 42. Walivuka mstari wakiwa pamoja, na saa za wote wawili ziliandikwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Jicho halikuweza kuamua. Ilitazamwa picha ya kamera ya mstari wa mwisho, na ikaonekana kwamba Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03, mwendo usiozidi shubiri moja hivi. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Sasa itazame kamera hiyo ni ya namna gani. Kamera za aina hii zilikwisha kutumika katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1948, nazo zina ufa mmoja mwembamba ulioelekezwa kwenye mstari wa mwisho tu. Hazitazami kitu kingine. Zamani filamu ilipita nyuma ya ufa bila kusimama. Siku hizi mistari maelfu husomwa kwa sekunde na kupangwa ubavu kwa ubavu. Picha inayotokea imepinda kuliko zote nilizozitaja. Unyayo uliokanyaga juu ya mstari hurefuka kama ngalawa, kwa sababu ulikaa pale kwa muda. Mguu uliopita hewani kwa kasi hukonda. Uwanja wa nyuma hauonekani. Kushoto na kulia katika picha hiyo si mahali, ni kabla na baada. Mchezaji anayeonekana mbele ya mwenzake kwa kweli ametangulia kwa wakati, wala si kwa nafasi.

Na picha hii, iliyojaa miguu ya ajabu, ndiyo ambayo dunia nzima ya riadha huikubali bila kelele. Kwa nini? Kwa sababu kanuni ya mpindo wake inajulikana. Kila mtu anajua ufa ulikuwa wapi, ulisoma kwa kasi gani, na kwamba kinachohesabiwa ni kiwiliwili, si kichwa wala mguu. Kumbe mpindo peke yake hauharibu ushahidi. Kinachouharibu ni kutojua ulivyopindwa.

Tunaweza kuichukua kanuni hiyo tukarudi nayo Songo Mnara. Habari za wafalme wa Kilwa ziliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, zikieleza mambo yaliyoanza karne nyingi kabla. Nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 ilifikishwa British Museum na yuleyule John Kirk mwenye kamera. Maandishi yale nayo ni ufa unaopita: mwanzo wake ni masimulizi ya kale sana, mwisho wake ni mambo yaliyokuwa karibu na mwandishi, na yote yamewekwa kwenye ukurasa kana kwamba yameonwa kwa kikao kimoja. Tena huwanasa wafalme, ambao katika historia huketi na kutulia kama wapigwa picha wa studio. Mjenzi, mfumaji na mpeleka maji hawamo.

Tangu mwaka 2009 wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, pamoja na wenzao, walichimba Songo Mnara kwa namna ya kuutafuta mwendo wenyewe. Walipima udongo wa sakafu na wa viwanja vya wazi ili kujua watu walipikia wapi, walikaa wapi, walipita wapi. Katika eneo ambalo macho yalikuwa yakiona uwanja mtupu kati ya nyumba za mawe, walikuta pia mabaki ya nyumba za miti na udongo. Mji wa mawe ulikuwa na mji wa udongo ndani yake. Kwa karne nyingi pazia la historia lilikuwa wazi juu ya kisiwa hiki kama lile la Daguerre, likihifadhi kilichosimama na kufuta kilichopita; na sasa kwa kazi ya subira baadhi ya waliofutwa wanaanza kuonekana tena, kama alama ya majivu ya jiko au uzito mdogo wa kusokotea uzi.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town nao wameyapima magofu ya Kilwa na Songo Mnara kwa mashine za leza, ambazo huzunguka na kumulika nukta kwa nukta mpaka jengo zima liingie ndani ya kompyuta. Ni kazi yenye manufaa makubwa, kwani bahari inaula ufuko na ukuta ukianguka kipimo chake kitabaki. Lakini mashine hiyo pia huhitaji muda, na mtu akipita mbele yake hutoka vipande vipande kama kivuli kilichochanwa. Kwa kawaida vipande hivyo husafishwa ili jengo libaki safi. Ni sawa. Ila anayetazama mji huo wa kompyuta akumbuke kwamba ukimya wake umetengenezwa.

Mimi mwenyewe nilipokuwa ndani ya kasri la Songo Mnara niliigeuza simu haraka kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Video ikaonyesha miimo ya milango imelala upande, kama minazi ya ufukweni. Miimo ile imesimama wima miaka kama 600. Iliyokuwa na haraka ni simu yangu. Nikaigeuza tena polepole, nayo milango ikasimama.

Wenzetu wa baharini walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha nayo vivyo hivyo. Ukiletewa picha ya kitu kiendacho, usiulize tu kama ni ya kweli au ya uongo. Uliza pazia lilipita kutoka wapi kwenda wapi, lilichukua muda gani, na nani alikuwa akienda: aliyepigwa, au aliyepiga. Na ukiona moshi mlangoni, ngoja kwanza kabla hujasema picha imeharibika. Huenda ni mtoto anapeleka maji.